Ramani Niliyoibandua Ukutani

Auburn, Sydney
Jumamosi alasiri

Mwanangu Odile,

Nianze kwa kukuomba radhi. Kimya changu kimekuwa kirefu mno, na kwa mtu aliyewahi kulipwa ili aseme mbele ya darasa, ni kimya kisicho na udhuru. Sisemi kwamba hatukuzungumza. Tumekula meza moja, tumeulizana habari za kazi, tumegombania rimoti. Lakini tangu siku ile ya mwaka jana nilipoibandua ramani yako ukutani, hujawahi kusikia kutoka kinywani mwangu kwa nini niliibandua. Uliniuliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikwambia kwamba gundi inaharibu rangi ya ukuta. Mara ya pili niliondoka mezani. Kesho asubuhi unapanda ndege, nami sitaki ukizunguke kisiwa kizima cha Ayalandi kwa wiki tano ukiwa bado umebeba swali hilo.

Wewe na mama yako mmekwenda Bankstown kutafuta soksi nene, kwa hiyo nina saa mbili za utulivu. Sitaandika habari za pasipoti wala za chakula. Mama yako ameyasema hayo yote kwa wiki mbili, na mengine ameyasema mara mbili kwa siku. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumba yetu, iliyotukutanisha mimi Mrundi na mama yako Mbembe wa Fizi, Kongo. Najua unatujibu kwa Kiingereza, lakini najua pia kwamba unasoma Kiswahili vizuri. Nilikufundisha mwenyewe, nawe ulilia sana wakati ule.

Unakumbuka hali ilivyokuwa. Korona ilipozidi katika vitongoji vyetu vya magharibi, tuliambiwa tusivuke kilomita tano kutoka nyumbani. Wewe ulikuwa na kibali cha kwenda kazini katika nyumba ya wazee. Mimi nilikuwa na kibali cha kwenda ghalani Smithfield. Mama yako hakuwa na kibali cha kwenda popote isipokuwa dukani. Polisi walisimama karibu na stesheni, na helikopta ilipita juu ya mapaa yetu. Majirani walisema hawajawahi kuona jambo kama hilo. Mimi nilikuwa nimeshaliona, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika ndani yangu.

Katika wiki hizohizo wewe na rafiki yako Grace mlianza kupanga safari. Kila jioni Grace alikupigia simu kutoka upande wa pili wa mji, na dada yake aliye muuguzi huko Galway alikuwa akiwatumia picha za miamba na kondoo. Ukabandika ramani sebuleni, juu ya televisheni, ukapitisha uzi mwekundu kufuata pwani: Dublin, Cork, Kerry, Galway, Donegal, ukapanda hadi kaskazini kabisa, kisha ukashuka tena Dublin.

Nilikuuliza, "Huko kuna nani wetu?"

"Hakuna mtu, Baba."

"Kuna kazi?"

"Hapana."

"Shule?"

"Ni likizo, Baba. Tunakodi gari, tunazunguka, tunarudi."

"Mnarudi wapi?"

"Pale pale tulipoanzia."

"Basi kaeni hapo mlipo. Mtakuwa mmeshafika."

Mama yako alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nami nilicheka. Lakini asubuhi iliyofuata, ulipokuwa kazini, nilipanda kwenye kiti, nikaibandua ramani, nikaikunja na kuisukuma nyuma ya kabati. Ulirudi jioni, alama za barakoa bado ziko mashavuni, ukautazama ukuta, kisha ukanitazama mimi. Nikasema maneno ninayoyajutia hadi leo: kwamba watu kama sisi hawasafiri kwa kujifurahisha.

Ulinijibu kwa Kiingereza, polepole, ili nisikose neno. Ulisema, "Nataka kwenda mara moja tu mahali ambapo hakuna aliyenituma wala aliyenifukuza."

Usiku huo huo nilikusikia ukimwambia Grace kwenye simu atafute mwenzi mwingine. Ulisema kwa sauti ya mtu anayefuta ubao. Nilikuwa nimeshinda, na nilikaa kitandani nisijue la kufanya na ushindi huo.

Sasa sababu.

Ulizaliwa katika kambi ya wakimbizi, mkoani Kigoma, ukaondoka ukiwa na miaka sita. Kwa hiyo unakumbuka tope na mipira ya makaratasi, lakini hukumbuki sheria. Tulikuwa na mpaka wa kilomita nne. Aliyetaka kuuvuka aliomba kibali, na kibali kilitoka au hakikutoka. Mimi nilifundisha darasa la tano, Kiswahili na jiografia. Niliichora mito ya dunia ubaoni, nikawatajia watoto inakoanzia na inakoishia, kisha nikarudi nyumbani kwa miguu nikiwa mwangalifu nisikosee njia na kukutana na askari. Kidogo kidogo nilijifunza kutoitamani barabara. Safari tulizozijua zilikuwa za aina mbili, ya kukimbia na ya kuhamishwa, na hakuna hata moja iliyokuwa na kurudi. Ulipouzungusha uzi wako ukaufunga pale ulipouanzia, niliona kama unanifanyia mzaha. Haikuwa kosa lako. Hukuwa unajua, kwa sababu sikuwahi kukwambia.

Liko na la pili, na hili ni kosa langu mwenyewe.

Kambini, mtu akiitwa ofisini na kuambiwa kwamba amekubaliwa kwenda ng'ambo, alinyamaza. Tuliamini kwamba habari ikienea, mwenye wivu atapeleka uongo, na jina litafutwa. Iliwahi kutokea, au tulisema kwamba iliwahi kutokea. Familia ziliondoka asubuhi kana kwamba zinakwenda kuchota maji. Wengine waliacha sufuria jikoni na maharage ndani yake, ili jirani asishuku.

Shangazi yako Generose, dada yangu wa pekee, aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ndiye aliyekubeba mgongoni mama yako alipougua. Nilijua kwa majuma matatu kwamba tunaondoka, na sikumwambia. Nilikula kwake mara nyingi katika majuma hayo. Siku ya mwisho alinipa mbegu za maharage, akaniambia nisichelewe kupanda. Nilizipokea, nikamwambia nitapanda Jumatatu. Jumatatu tulikuwa ndani ya ndege. Yeye alijua tumeondoka aliposikia basi likinguruma na watoto wakiliita jina lako barabarani.

Generose hangeweza kunichongea kwa mtu yeyote. Nilijua hivyo wakati ule kama ninavyojua sasa. Lakini desturi ilikuwa imeniingia mwilini, nami niliita desturi hiyo busara. Baadaye alirejea Burundi. Miaka yote tumezungumza kwa simu siku za Krismasi na siku za misiba, habari za afya na za mvua. Kuhusu kuondoka kwetu hatukusema lolote.

Kwa hiyo mipaka ya nchi hii ilipofunguliwa, na Grace akawa amekataa kabisa kutafuta mwenzi mwingine, nanyi mkaifufua safari yenu, nilitaka jambo moja tu kutoka kwako: usimwambie mtu. Ondoka kimya, nilisema, watu wajue ukiwa umeshafika. Jumapili, wakati wa matangazo, ukasimama mbele ya kanisa zima.

"Mnanijua, mimi ni Odile," ulisema, na Kiswahili chako kilitetemeka lakini hakikuanguka. "Mimi na rafiki yangu tunakwenda kuizunguka Ayalandi kwa gari, wiki tano. Hatuendi kazini. Tunakwenda kutembea tu. Naomba mtuombee."

Nilitazama sakafu. Kisha nikainua macho, nikaanza kupitia nyuso moja baada ya nyingine nikitafuta atakayekuchongea. Nilipofika safu ya nne nikajiuliza, akuchongee kwa nani? Katika ofisi ipi?

Mama Furaha wa kwaya ndiye aliyesema kwanza. "Kutembea tu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na gari ataendesha nani?"

"Mimi."

"Basi tuombe sana," alisema, na kanisa likaangua kicheko.

Walipanga foleni baada ya ibada kama watu wanaokwenda kupokea komunyo. Mmoja alitoa chupa ya chai. Mwingine aliagiza picha ya kondoo mwenye uso mweusi, akasisitiza rangi ya uso. Mama Furaha alivua koti lake la mvua akakuvalisha hapo hapo, likakufika magotini. Kama alikuwapo mwenye wivu, basi alikuletea sweta. Nilisimama mlangoni nikiwaangalia, na nilikuwa na umri wa miaka sitini na miwili nilipogundua kwamba mtu anaweza kuagwa.

Tulipofika nyumbani niliitoa ramani nyuma ya kabati nikaibandika mwenyewe. Imekaa upande kidogo. Siku iliyofuata ulinipa karatasi za mpango wenu ili nizikague.

Nilizikagua kama nilivyofunzwa, kwa kalamu nyekundu. Nataka nikiri hapa nilichokifanya, maana nyinyi mlikicheka nami sikuwaeleza. Kila mahali mlipopanga kulala siku mbili, nilifuta siku moja. Kando ya kila mji niliandika mahali pa kanisa. Katika mizigo niliongeza unga kilo tano. Na safari ya kaskazini niliikata yote. Nilipiga mstari Donegal, mahali ambapo barabara inatoka katika nchi moja na kuingia katika nyingine, upande wa Waingereza, nikaandika: Rudini hapa.

Grace alisoma ukurasa hadi mwisho, akanitazama kwa adabu. "Mzee, hii ni holidei ama tunatoroka?"

"Mpaka hauvukwi bila sababu," nilimwambia.

"Lakini huko hakuna kitu, Mzee. Ngoja nikuonyeshe."

Alifungua kompyuta hapa hapa mezani ninapoandikia sasa. Akatupeleka kwa picha za barabarani, hatua kwa hatua, kutoka Donegal kuelekea Derry. Nilivaa miwani. Tulipita kituo cha mafuta, ukuta wa mawe, ng'ombe watatu.

"Mpaka uko wapi?" niliuliza.

"Si tumeshapita."

"Rudi nyuma."

Akarudi. Tukapita tena, ng'ombe walewale.

"Askari wako wapi?"

"Hakuna."

"Geti?"

"Hakuna, Baba," ulisema wewe, ukaweka kidole kwenye kioo. "Tazama mstari wa ukingoni. Hapa ni wa njano. Hapa ni mweupe. Na vibao vya mwendo vinatoka kilomita vinakuwa maili. Basi."

"Rudi tena."

Tulivuka mara tano. Grace akasema, "Mzee, ukipita mara ya sita watakupa uraia."

Nilicheka, lakini niliingia bafuni nikafungua bomba ili msinisikie. Baadaye Grace alisema kwamba kwa mujibu wa dada yake, wazee wa huko wanakumbuka vizuizi na askari wenye bunduki katika barabara hizohizo. Jambo hilo ndilo lililonibadilisha kuliko picha. Kama pasingekuwapo kizuizi tangu mwanzo, ningesema hao ni watu wa bahati tu. Lakini palikuwapo, watu wakauawa, kisha watu wakaketi wakazungumza, kikaondolewa, na leo ng'ombe wanasimama pale pasipo kibali. Nilichukua karatasi zenu nikayafuta masahihisho yangu yote. Katika miaka yangu ya ualimu sikuwahi kufuta sahihisho. Unga peke yake niliuacha, na naona mama yako ameupakia.

Likabaki gari. Magari mengi ya kukodi huko ni ya gia za mkono, nawe umezoea gari linalojibadilishia gia lenyewe. Nilikwenda kwa Mzee Bahati kuazima pikapu yake.

"Chukua tu, Baba Odile," alisema. "Gari hii iko nguvu. Lakini klachi yake iko nzito kidogo, haipendi mtu mwenye haraka."

Jumapili sita tulikwenda Smithfield, kwenye uwanja wa magari nyuma ya maghala, mahali ambapo siku za kazi huwezi kupita kwa wingi wa malori. Nilikuwa mwalimu mbaya. Nilifoka. Nilipiga dashibodi kwa kiganja. Siku ya pili gari lilizimika mara kumi na moja, nawe ukatoa funguo ukaniwekea mkononi, ukasema utarudi nyumbani kwa treni. Ulifika hadi geti. Nilikaa kwenye pikapu nikaona kwamba nakaribia kuibandua ramani kwa mara ya pili, safari hii bila kupanda kwenye kiti. Nikakufuata. Nilikurudishia funguo, nikaenda kukaa kiti cha abiria nikafunga mkanda. Tangu dakika ile sikufoka tena. Nilihesabu pumzi.

Jumapili ya sita nilikupeleka kwenye ule mteremko wa kupakilia mizigo. Nilikwambia usimame katikati, uvute breki ya mkono, kisha uondoke kwenda juu. Nyuma yetu palikuwa na ukuta wa matofali. Niliweka mikono yangu magotini. Ukasikiliza injini, ukaachia klachi taratibu mpaka pua ya pikapu ikainuka, ukashusha breki, na gari likapanda. Halikurudi nyuma hata unene wa kidole. Ukatoka kwenye uwanja, ukaingia barabarani, ukafika kwenye kipilefti, na badala ya kutoka ulikizunguka mara tatu ukipiga honi, nami baba yako, mzee wa kanisa, nilifungua dirisha nikatoa mkono nje nikapunga hewa. Tulipomrudishia Mzee Bahati gari lake alikuwa amesimama nje akitusubiri. Alisema alitusikia tangu mbali akadhani ni harusi. Nilimwambia hajakosea sana.

Sijapata kuwa na furaha kama ile tangu tulipofika nchi hii. Siku tuliyofika nilishukuru, na kushukuru ni jambo jingine. Siku ya mteremko nilifurahi.

Hayo ndiyo niliyoyaficha. Mashauri yangu ni machache, na yote nimeyapata kwa kukosea. Mkipenda mahali, kaeni hata siku nne, mpango usiwaendeshe. Ukigombana na Grace, na mtagombana, maana wiki tano ndani ya gari ni nyingi, semeni siku hiyohiyo kabla ya kulala. Mimi nimeona jinsi kimya kinavyozoeleka mpaka mtu akakipangia mahali pa kukaa ndani ya nyumba. Na mtu yeyote akikupa hata kikombe cha chai, umuage kabla ya kuondoka. Mwambie unakwenda wapi na kwa njia ipi. Hakuna atakayekuchongea.

Nina habari moja zaidi, nayo bado mama yako peke yake anaijua. Alhamisi nilimpigia Generose. Nilimweleza safari yako, akafurahi, akauliza kama huko Ayalandi kuna viazi vitamu. Kisha nikamweleza habari ya mbegu zile. Nilisema yote, majuma matatu, kwa mpangilio.

"Ulizipanda?" aliuliza.

"Hapana. Walizichukua uwanja wa ndege hapa Sydney."

"Maharage yangu?"

"Hawaruhusu mbegu."

"Ukaondoka nazo kwa siri, nao wakazipata." Alicheka sana, kicheko cha baba yetu. Kisha akasema, "Sikukasirika kwamba uliondoka, Mwalimu. Nani angekataa? Nilikasirika kwa sababu wiki ile nilikupikia kuku, nawe ukamla ukinitazama."

Nilimwomba radhi. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, alisema amesikia, na ni haki yake. Kisha akaniuliza nitakwenda kumwona lini. Nikamwambia itategemea mambo mengi.

"Usinijibu kama karani," alisema. "Nitajie siku."

Sikuweza kuitaja. Nina pasipoti isiyo na muhuri hata mmoja, nina likizo niliyoilimbikiza ghalani, na sijawahi maishani mwangu kupanga safari ya kwenda na kurudi. Lakini nimekutazama wewe ukiipanga yako kwa mwaka mzima, mbele ya macho ya watu wote, na nimeona kwamba inawezekana. Mama yako anataka twende mara tu utakaporudi. Msimamizi wangu anataka nisubiri msimu wa mizigo upite. Mimi nahofia mengi ambayo sitayaandika hapa. Jumatano tutakaa na kalenda, mama yako na mimi, na hatutainuka bila tarehe.

Generose ndiye atakayeambiwa wa kwanza, nawe utaelewa kwa nini. Wewe utakuwa wa pili. Popote mtakapokuwa mmefika, siku hiyo tutakayoamua, nitakuandikia.

Baba yako